Nawatumikia, Wananipanda Kichwani

Shangazi wa Kazini anajibu barua zenu

Mwezi huu walioniandikia zaidi ni wenye funguo, si wanaofunguliwa mlango. Naanza na barua ndefu, maana najua Dar imejaa ofisi za namna hii: vyerehani vinne, feni moja, redio haizimwi.

*Shikamoo Shangazi. Nina ofisi ya ushonaji Mbagala Rangi Tatu, wasichana wanne, nawalipa kwa kila nguo wanayoshona. Mwaka jana kikoba chetu kilileta mwalimu wa semina akatufundisha kwamba kiongozi wa kweli ni mtumishi, anatanguliza mahitaji ya walio chini yake na kuwakuza. Maneno yakaniingia. Tangu hapo nafika wa kwanza, nafagia mwenyewe, chai na chapati juu yangu. Nguo ikiharibika simgombezi mtu, nakwenda nayo nyumbani usiku naifumua naishona upya. Anayeomba hela kabla ya Jumamosi nampa. Sasa wanakuja saa nne, vitambaa wanaacha chini, na juzi mmoja kaniambia mbele ya mteja, "Mama, chai leo imechelewa." Mume wangu anasema nimewadekeza. Kibaya zaidi, yule ninayemtegemea anataka nimfundishe kukata. Nikimfundisha ataondoka na wateja wangu. Nirudie ukali wangu wa zamani?*
*Mama Vyerehani, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Hiyo ya chai kuchelewa nimemsomea jirani yangu, tumecheka mpaka machozi. Pole lakini.

Ukali wa zamani uache hukohuko ulikouacha, na hapo ulipo pia ondoka. Mwalimu wa semina aliwaambia mambo mawili, kutanguliza mahitaji na kukuza watu. Wewe la kwanza umelibeba na ufagio wake, la pili hujaligusa. Kuna Mmarekani aliyeitwa Robert Greenleaf, mtu wa kampuni ya simu ya AT&T tangu 1926 mpaka alipostaafu 1964. Mwaka 1970 aliandika makala kuhusu kiongozi mtumishi, na semina nyingi za siku hizi zimechota hapo. Kipimo alichoweka hakiulizi nani anafika wa kwanza wala nani ananunua chapati. Kinauliza kama hao unaowatumikia wanakua: wanazidi kuwa na afya, busara na uwezo wa kujiamulia mambo, na kama nao wanaelekea kuwatumikia wengine. Wasimamishe wasichana wako mbele ya maswali hayo mmoja mmoja. Yule wa chai ameelekea kumtumikia nani?

Chukua habari ya kufumua usiku. Binti kapachika mkono wa kushoto kwenye kwapa la kulia. Gauni linavuta begani, mteja akivaa hawezi kuinua mkono kusimamisha bodaboda. Wewe unalitia kwenye mfuko, unapanda daladala, unafumua kwa wembe chini ya taa ya sebuleni watoto wakiwa wameshalala. Asubuhi gauni linaning'inia, limekaa sawa. Mteja umemtumikia, na jina la ofisi umelitunza. Binti je? Yeye amejua kwamba mikono anapachika vizuri. Siku atakapokwenda kwa fundi mwingine atafukuzwa kwa kosa ambalo wewe ulilijua muda wote na hukumwambia.

Hilo gauni lisitoke ofisini. Mpigie mteja simu, mwambie nguo yako imechelewa, kosa ni letu, njoo jioni. Mbele ya mteja kosa libebe wewe, kwa sababu ofisi ni yako, na usithubutu kumnyooshea binti kidole. Ndani, kosa mrudishie mwenyewe. Mpe wembe afumue. Vuta stuli ukae ubavuni kwake, mikono yako ikalie, maana itakuwasha kutaka kumpokonya. Mwambie aukunje mkono katikati aone upande wa mbele ulivyochimbika kuliko wa nyuma. Kisha aweke alama za chaki, mstari mmoja kwa mbele, miwili kwa nyuma, na kwenye kwapa hivyohivyo, mmoja upokelewe na mmoja. Itakula nusu saa yako. Utaona ni nyingi ukiwa na oda za kicheni pati ya Jumamosi. Zipige hesabu dhidi ya usiku ulizokwisha kulala saa saba.

Sasa hayo mahitaji. Nilipokuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha nguo, palikuwa na dada mmoja ambaye mshono wake asubuhi ulikuwa umenyooka, ikifika saa tisa alasiri unaanza kutembea. Wakubwa wakasema mvivu huyo, mchana anasinzia. Nikamhamishia kwenye cherehani ya dirishani, mshono ukanyooka mpaka jioni. Kumbe ni macho, na pale alipokuwa anakaa taa ilikuwa moja na imefubaa. Tukamchangia miwani. Alikuwa hajawahi kusema kwa sababu aliogopa kuambiwa haoni. Hitaji la mtu ndivyo linavyotafutwa, kwa kumtazama anavyofanya kazi. Chapati si hitaji la mtu aliyeshakunywa chai kwao, ni ukarimu, na ukarimu ukiwa wa kila siku unageuka kuwa haki. Ndiyo maana umedaiwa.

Kwa hiyo chai iwe ya mchango, au iwe yako siku ya oda kubwa. Kufagia kuwe kwa zamu na wewe uwemo kwenye zamu, siku yako moja kama wenzako. Saa ya kuingia itaje mara moja, ibandike ukutani. Hela kabla ya Jumamosi ziandikwe kwenye daftari na yeye aweke sahihi, kisha muulize imekuwaje kila wiki zinaishia Jumatano. Pengine kuna mgonjwa nyumbani. Pengine kuna kijana wa bodaboda. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanataka msaada tofauti.

Utasikia watu wakikuambia vumilia, mkubwa ni jalala. Methali naikubali. Ila jalala la mjini lina siku ya gari, na lisipozolewa waulize wanaokaa jirani nalo wakati wa masika. Gari lako lipite Jumamosi kabla ya kulipana. Kila mmoja aseme lililomkera wiki hiyo, na wewe useme lako, hilo la chai likiwa la kwanza. Useme kwa sauti ya kawaida. Mume wako kwenye hili la kudekeza ana hoja, mpe haki yake, lakini asije akadhani dawa ni kofi.

Tuje kwenye mkasi, maana naona barua yako yote ilikuwa inapazunguka hapo.

Wasomaji ambao hawajashika cherehani waelewe: kwenye kazi hii fundi ni anayekata. Kuendesha mshono ulionyooka binti atajifunza akijaliwa utulivu. Kukata ni kuuchukua mwili wa mtu kwa futi, kifua, kiuno, nyonga, mabega, ukaugeuza kuwa mistari ya chaki juu ya kitenge cha yadi sita ambacho mteja kakinunua Kariakoo na hakipatikani tena kwa rangi ile. Chaki inafutika. Mkasi ukishapita umepita. Ndiyo maana mafundi wengi huuficha ujuzi huo kama dawa ya kienyeji. Aliyenifundisha mimi, Mungu amrehemu, akitaka kukata alikuwa ananituma dukani. Leo chumvi, kesho sigara. Nikirudi, gauni limeshakuwa vipande na yeye anapiga mluzi. Nilijifunza kukata kwa kuokota mabaki chini ya meza yake na kuyapanga sakafuni nyumbani, nikikisia kilichotoka pale kilikuwa na umbo gani. Nikaondoka kwake hajanionyesha hata kola. Basi na wewe ujue hivyo: anayefichwa mkasi naye huondoka. Huondoka mapema zaidi, na wateja akiwapata hatakuwa na haya hata kidogo.

Huyo binti ataondoka, mwanangu. Dar hii nani amezeekea kwa bosi wake wa kwanza? Linalobaki mikononi mwako ni namna atakavyoondoka, na miaka atakayokutumikia vizuri kabla ya siku hiyo. Ukimfundisha, kwanza utapata mkataji wa pili. Hujaniandikia unapata oda ngapi za sare za shule Desemba na Januari, lakini najua unazikataa, kila fundi peke yake huzikataa.

Mwanzishe kwenye karatasi za kaki, halafu mashuka ya mtumba, ambayo akiharibu mtapangusia mashine. Achukue vipimo vya wenzake wa hapohapo ofisini, akate, ashone, mwenzake avae, mcheke. Akitoka hapo mpe sketi za sare, zinasamehe. Kitenge cha mteja kije mwisho, na siku hiyo simama kando yake, mkiwa mmeshakubaliana kwamba akiharibu hasara ya mara hii ya kwanza ni ya ofisi. Ukimwambia utamkata hela, mkono utatetemeka na ataharibu kweli.

Kisha kaeni muandikishane. Nakufundisha kukata, wewe utakaa nami muda fulani, utamfundisha mwenzako mmoja kabla hujaenda, na ukifungua ofisi yako usifungue mlango wa pili kutoka kwangu. Wateja msigawane kwenye karatasi, hao ni watu, watakwenda anakowapendeza. Lakini mkubaliane kwamba msimu wa sare ukikuzidi utampa, ukimzidi atakupa. Hicho kipengele cha kumfundisha mwenzake usikiache, hata akikuambia hana muda. Na kama binti hana cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anachokijua, akifaulu anapata cheti, bila kuanza darasa moja na wasiowahi kuona sindano. Aende kituo cha Chang'ombe akaulize. Mpe ruhusa siku hiyo na nauli.

Niandikie tena baada ya msimu wa sare. Nataka kujua wa chai amefikia wapi.

*Habari za kazi dada. Mimi ni fundi mkuu wa gereji moja Gerezani, vijana saba chini yangu. Nawapenda kama wadogo zangu na nawapigania kwa mwenye gereji. Ila sijachukua likizo miaka mingi. Nikienda msibani siku mbili simu haiishi: kaka spana ipo wapi, kaka mteja anauliza bei. Vijana wa siku hizi hawajitumi. Mwenye gereji mwenyewe anasema nipumzike, naogopa nitakuta magari ya watu yameharibika.*
*Fundi Mkuu, Gerezani*

Salama kaka yangu, poleni na jua.

Nijibu haya. Ufunguo wa stoo anao nani? Namba za wauza vipuri ziko kwenye simu ya nani? Nani anaruhusiwa kumtajia mteja bei? Kama yote matatu ni wewe, vijana wanaokupigia msibani wanafanya kitu pekee ulichowaachia wafanye. Usiwaite wavivu kwa hilo.

Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962, wiki chache tu baadaye, Mwalimu Nyerere akaacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, mwenyewe akaenda kukijenga chama. Watu walishangaa, na wana haki, nchi ilikuwa bado inanukia rangi. Kawawa akaishika mpaka Desemba mwaka uleule, Mwalimu aliporudi kama Rais wa Jamhuri. Kawawa huyohuyo alikuja kuwa Waziri Mkuu tena mwaka 1972. Wewe unaniambia gereji yenye jeki mbili haiwezi kukaa bila wewe mpaka maiti azikwe.

Wa rika letu tuliikariri ile ahadi ya TANU, cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Tulikuwa tunafikiria wala rushwa. Siku hizi naona inamhusu hata mtu mwema kama wewe anayefurahia kidogo, hata kama hasemi, simu yake inavyolia msibani.

Likizo si fadhila ya mwenye gereji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa kila mwaka, na wewe miaka mingi hujazigusa. Usianze na zote. Chagua kijana mmoja, mpe ufunguo wa stoo wewe ukiwepo. Mpe na ruhusa ya kutaja bei, hata akikosea kidogo mbele yako meza mate, umrekebishe mteja akishaondoka. Namba za vipuri ziandikwe kwenye daftari la gereji. Akizoea, nenda nyumbani wiki moja, simu akae nayo wifi yangu. Utakaporudi kuna gari moja litakuwa na kasoro, nakuhakikishia, na huwa lipo hata ukiwepo.

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi kwenye ofisi moja Posta. Bosi wetu ni mpole, anatuita wanangu, siku ya kuzaliwa tunakatiwa keki, kila Ijumaa pilau. Tunaingia saa mbili asubuhi lakini tunatoka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila malipo ya ziada. Tukiuliza anasema sisi ni familia, kwenye familia watu hawahesabiani. Wenzangu wanasema tushukuru, tuna bosi anayejali watu. Nalalamika bure?*
*Mwana wa Familia, Gongo la Mboto*

Marahaba mwanangu. Pilau kula, usilisusie, halina kosa.

Sheria niliyomtajia kaka wa Gerezani inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya chakula hayahesabiwi. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisipite 50 katika wiki nne, na kila saa inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa mameneja kipengele hiki ni tofauti, lakini wewe sioni kama ni meneja. Sasa piga hesabu. Saa mbili mpaka saa mbili ni 12, toa moja ya chakula, zinabaki 11. Mnazidisha mbili kila siku, kwa wiki 10, kwa wiki nne 40. Arobaini kwa mara moja na nusu ni ujira wa saa 60. Kila baada ya wiki nne mnamwachia bosi ujira wa saa 60 kila mmoja, naye anawarudishia sahani nne za pilau. Hata pilau la harusi ya Upanga halifiki bei hiyo.

Upole wake siukatai, huenda ni mtu mwema kabisa na hajawahi kukaa akapiga hesabu hiyo. Ila mtu anayekujali angekuuliza unafika Gongo la Mboto saa ngapi, na unasoma lini hiyo kozi ambayo vijana wa rika lako wanasoma jioni. Jioni zako zote anazo yeye.

Anza kuandika saa za kuingia na kutoka, kila siku, kwenye daftari lako. Mkifikisha wiki nne nendeni wawili au watatu, msiende kundi zima akadhani mgomo. Muombeni moja kati ya mawili, malipo au mtoke saa kumi na mbili. Akiendelea na habari za familia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, madai kama haya hupelekwa ndani ya siku 60, na watakapouliza ushahidi daftari lako litajibu. Ila kwa bosi nendeni Jumatatu asubuhi. Ijumaa hamtaweza, sufuria litakuwa limeshafika.